Puring ya Sadikun

Je, umewahi kumkatalia mtu jambo dogo, ukamkatalia mwaka baada ya mwaka, kisha yeye akafa, na wewe ukabaki unalitaka jambo lile lile?

Basi msikilize Mbah Paikem. Mbah maana yake ni bibi. Kijijini kwao, upande wa kusini wa Java, hakuna aliyemwita vingine.

Kila siku baada ya sala ya alfajiri, Mbah Paikem alishika ufagio wake wa chelewa. Alianzia mlango wa jikoni, akafagia mpaka njiani. Alifagia huku akirudi nyuma, ili nyayo zake zisibaki mchangani. Ufagio uliacha mistari myembamba, kama kichwa kilichochanwa vizuri. Jani likianguka, halikulala pale. Alilifuata. Majani yote aliyarundika nyuma ya jiko, akayachoma. Ua wake ulikuwa mtupu, mgumu na safi, nao ulimpa heshima mbele ya majirani.

Mumewe, Sadikun, alikuwa mtunza makaburi ya kijiji kwa miaka thelathini. Huko ndiko alikopanda puring. Puring ni mti mfupi wenye majani ya rangi nyingi, na wazee wa Java waliupanda makaburini. Unaishi miaka mingi, hauombi maji mengi, na hauchoki kupendeza. Sadikun alizipenda puring zake kama mtu apendavyo mbuzi wake. Jioni, akinywa chai, alikuwa akisimulia.

"Leo ile ya pembeni imetoa jani jekundu. Mgongo wake wa dhahabu. Ungeliona."

Siku moja alirudi na vipande vitatu vya puring yake ya kujisokota, amevifunga kwenye jani la mgomba.

"Nipande kimoja tu," alisema. "Pale mbele ya dirisha letu."

"Majani ya makaburini mlangoni pangu?" Mbah Paikem alimjibu. "Watu watasema tunamwita nani?"

Sadikun alicheka, akavirudisha. Mwaka uliofuata aliomba tena. Na mwaka mwingine tena. Kisha akaacha kuomba.

Sasa Sadikun alikuwa na miaka miwili kaburini. Penye kichwa cha kaburi lake ilisimama puring aliyoipenda kuliko zote, aliyoipanda mwenyewe zamani. Majani yake yalikuwa marefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, yamejisokota kama utepe. Yalikuwa ya manjano, yenye mishipa myekundu na ukingo mweusi kama zambarau iliyoiva sana. Ukiyatazama yote, hukuona mawili yanayofanana.

Mbah Paikem aliitaka puring ile. Aliitaka iwe nyumbani, mbele ya dirisha. Lakini angesemaje? Yeye ndiye aliyeikataa. Majirani wote walijua. Mke wa mwanawe pia alijua.

Mke wa mwanawe aliitwa Wigati. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mara nyingi safarini, kwa hiyo wanawake hawa wawili waliishi pamoja na kuelewana. Siku moja Wigati alirudi kutoka sokoni, kikapu kimejaa majani. Alikuwa amenunua puring sita na keladi nne. Keladi ni kama mayugwa madogo, ila majani yake ni ya waridi na meupe, membamba hata mwanga unapita.

"Mama, tazama," alisema. "Mjini siku hizi kila mtu anazipanda mbele ya nyumba."

Mbah Paikem alizitazama. Moyo wake uliruka. Lakini ulimi umezoea njia yake.

"Hayo si majani ya makaburini?"

Wigati aliinamisha kichwa. "Ni ya sokoni, Mama. Yalikuwa karibu na nyanya."

Mbah Paikem aliingia jikoni, akachochea moto. Mlango ulikuwa umefunguka, na yeye mwenyewe ameufunga.

Hata hivyo Wigati hakuzitupa. Puring alizitia vyunguni, akazipanga barazani, kivulini kabisa, kando ya viti vya wageni, maana kitu kizuri huwekwa mbele ya mgeni. Keladi alizipanda uani, katikati ya jua. Kila asubuhi Mbah Paikem alifagia. Alipofika kwenye keladi, alifagia mpaka shinani, asiache hata unyasi.

Ukapita mwezi. Puring za barazani zikaanza kuwa kijani, kijani kama sukuma wiki. Zikapukutisha majani ya chini. Keladi zikaungua, zikawa kama karatasi iliyopitiwa na moto. Wigati akamwagilia asubuhi, mchana na jioni. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Wakati huo huo Pak Wagiman, yaani Bwana Wagiman, mtunza makaburi mpya, alipita nyumba kwa nyumba na habari.

"Makaburi yanajengewa ukuta," alisema. "Kazi inaanza baada ya nyadran."

Nyadran ni siku ambayo kijiji kizima husafisha makaburi na kuwaombea marehemu, katika mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo.

"Ukuta utapita wapi?" Mbah Paikem aliuliza.

"Pembeni mwa kaburi la marehemu mzee. Usiogope, Mbah, kaburi halitaguswa hata kidogo. Ni ile puring tu itang'olewa. Imekaa penye msingi."

"Ah," alisema Mbah Paikem. "Ile puring."

Usiku na mchana alihesabu. Zilikuwa zimebaki wiki saba.

Siku mbili baadaye alikuja Yu Ratmi, jirani wa nyumba ya tatu. Yu ni dada mkubwa, na kweli alikuwa dada wa kila mtu. Zamani alifanya kazi miaka kumi na miwili katika bustani ya kuuzia miche. Alikuja kurudisha chungu cha kupikia wali, lakini alipofika barazani alisimama.

"Wigati, hawa wamefanya kosa gani?"

"Nani, Yu?"

"Hawa uliowafunga jela."

Wigati akacheka kwa aibu. "Nimewapa mahali pa heshima."

"Heshima ya puring ni jua, si kiti cha mgeni. Rangi yake inatoka kwenye mwanga. Ikikaa gizani, inakuwa kijani, kwa sababu inahangaika kutafuta chakula. Hebu niletee kijiti."

Yu Ratmi alichoma kijiti kwenye udongo wa chungu kimoja, akakitoa. Kilitoka na tope.

"Unawamwagilia mara ngapi?"

"Mara tatu kwa siku."

"Masikini. Hata bata angekimbia. Mizizi nayo inavuta pumzi. Ikizama inaoza, na jani linaanguka. Choma kijiti au kidole kwanza. Ukikuta unyevu, acha. Ukikuta kukavu, mwagilia asubuhi, shinani, maji yapite mpaka chini. Na hivi vyungu vina matundu?"

Wigati aliinua kimoja. Hakikuwa na tundu. Akakirudisha polepole, kama aliyekutwa na kitu cha wizi.

"Toboa," alisema Yu Ratmi. Kisha akageukia uani. "Na keladi mmezianika kama mihogo. Hizi ni za kivulini. Jani jembamba vile litaliweza jua la saa sita? Zipeleke chini ya mshokishoki, mti wenu ule wa matunda, jua lichujwe na majani. Puring itoke nje, keladi iingie kivulini. Mmewabadilishia vitanda tu."

Akainama. Mizizi ya keladi ilikuwa wazi, juu ya udongo, kama vidole vya mguu vilivyotoka kwenye kiatu.

"Na huu ni mkono wa nani?"

Mbah Paikem alikuwa amesimama mlangoni, ufagio mkononi.

"Ni wangu," alisema. "Nafagia."

"Najua, Mbah. Kijiji kizima kinajua. Mtu angeweza kupakua wali juu ya ua wako." Yu Ratmi alisema kwa upole. "Lakini mti unakula majani yake yaliyoanguka. Yakioza, ndiyo mbolea. Tena yanaufunika udongo usikauke. Wewe unaufagilia chakula chake, kisha unakichoma nyuma ya jiko."

"Mama yangu alinifundisha ua mchafu ni aibu."

"Basi ubaki safi. Tugawane tu."

Yu Ratmi alichukua kijiti kile kile, akachora mstari mchangani, kutoka kwenye mshokishoki mpaka ukingo wa mashariki.

"Huku kwako, ufagie hata uone uso wako. Huku kwa miti, ufagio usiingie. Majani yakianguka, yaache, yawe mazito kama godoro. Ila yasigande kwenye shina. Acha nafasi ya vidole vinne."

Mbah Paikem aliutazama mstari ule. Mkono ulimwasha. Lakini aliitikia.

"Njooni kwangu mwone," alisema Yu Ratmi. "Maneno peke yake hayaoti."

Walikwenda wote watatu. Mbah Paikem alikuwa hajaingia nyuma ya nyumba ile kwa miaka mingi, akasahau kusalimia. Mbele yake zilisimama puring ndefu kuliko mtu. Moja ilikuwa na majani mapana, mekundu kama kaa la moto. Nyingine ilikuwa na majani membamba yenye madoa, kama mtu amerashia rangi ya manjano kwa vidole. Chini yake kulikuwa na andong, mimea ya majani marefu ya zambarau, imesimama wima kama askari. Na chini kabisa, kivulini, keladi za waridi zilitikisika kwa upepo mdogo. Hakukuwa na ua lililochanua hata moja. Rangi yote ilikuwa ya majani.

"Hapana mahali pa jicho kupumzika," alisema Mbah Paikem. Ilikuwa sifa, na Yu Ratmi alijua.

"Nilizipanga kwa urefu. Ndefu nyuma, fupi mbele. Na kila yenye rangi kali, nimeiwekea jirani wa kijani. Wote wakipiga kelele, nani atasikika?" Akashika tawi la ile nyekundu. "Hii alinipa marehemu mzee wako. Na ile yenye madoa. Na ile ya kona pia."

Mbah Paikem akayagusa majani. Kwa hiyo kazi ya mikono ya Sadikun ilikuwa hapa, imependeza, nyumba ya tatu kutoka kwake.

"Niliomba na ile yake ya kujisokota," Yu Ratmi aliendelea. "Ile iliyo kaburini kwake sasa. Akakataa. Mzee yule hakuwahi kuninyima kitu, lakini ile alikataa. Alisema, 'Hiyo ina mwenyewe. Namngojea akubali.'"

Wigati alimtazama mama mkwe wake. Mbah Paikem alikuwa ameinama, anaondoa jani kavu ambalo halikuhitaji kuondolewa.

"Sasa itang'olewa," alisema bila kuinua kichwa.

"Nimesikia. Mti mzee vile ukiung'oa, haushiki tena. Lakini tawi tunaweza kuliotesha mizizi likiwa bado juu ya mama yake. Inachukua wiki tano, sita. Tukianza kesho, tunawahi nyadran."

"Tuanze kesho," alisema Mbah Paikem, haraka kuliko alivyokusudia. Kisha akaongeza, "Ni vibaya mti mzuri kupotea bure."

Asubuhi yake walikwenda makaburini. Pak Wagiman aliwapa ruhusa. Yu Ratmi alichagua tawi lililonyooka, nene kama kidole gumba. Kwa kisu safi alizungusha mikato miwili, vidole viwili kati yake, akamenya ganda lote la katikati kama pete. Utomvu ukatoka.

"Utomvu huu usiwaguse macho," alisema. "Unawasha, na nguoni hautoki. Mkimaliza, naweni kwa sabuni. Na hizi puring si chakula. Mtoto asitafune, mbuzi asitafune."

"Mbuzi wa Pak Wagiman anatafuna hata viatu," alisema Wigati.

"Basi akifa, tutajua si kiatu alichokula."

Pak Wagiman, aliyekuwa akisikia, alikohoa.

Yu Ratmi alifuta ute pale palipomenywa, akapaacha pakauke kidogo. Akachanganya udongo na mboji, akaulowesha mpaka ukashikana mkononi bila kutiririsha maji. Akaufunga pale penye pete, ukubwa wa ngumi, akauzungushia makumbi ya nazi na kukaza kamba juu na chini.

"Chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani kitafika hapa kikute njia imekatwa," alieleza. "Kitakusanyika, na mizizi itachipua. Kazi yetu ni moja. Makumbi yasikauke."

Tangu siku hiyo Mbah Paikem alikwenda makaburini kila asubuhi.

"Unakwenda wapi, Mama?" Wigati aliuliza.

"Kufagia kaburi."

"Kufagia kwa birika?"

"Kuna vumbi," alisema Mbah Paikem, akaenda zake na birika lake la maji.

Nyumbani nako kazi iliendelea. Wigati alitoboa vyungu. Puring hakuzipeleka juani kwa siku moja, maana Yu Ratmi alimwonya: jani lililozoea kivuli huungua kama mtu aliyekaa ndani mwaka mzima. Wiki ya kwanza aliziweka penye jua la asubuhi tu. Wiki ya pili akaongeza. Kisha akachimba ukingo wa mashariki, akalainisha ule udongo mgumu kwa mboji, akazipanda. Keladi zilihamia chini ya mshokishoki, mizizi ikafunikwa.

Kwa Mbah Paikem jambo gumu lilikuwa mstari. Kila asubuhi alifagia mpaka pale, akasimama. Upande wa pili majani makavu yalilala, yanamtazama. Mara moja Wigati alimkuta ameegemea ufagio, anayasemesha.

"Bahati yenu," alikuwa akiyaambia.

Wiki ya tatu, puring moja ilitoa kichipukizi. Wiki ya tano jani lake lilikuwa limefunguka na kukomaa, la chungwa, lenye mstari wa waridi katikati. Majani ya zamani yalibaki kijani, lakini kila jipya lilikuja na rangi yake. Keladi zikasimama. Watu wa njiani wakaanza kupunguza mwendo. Mwalimu wa madrasa alishuka kwenye baiskeli kabisa.

"Mbah, nani amekupakia rangi uani?"

"Jua," alisema Mbah Paikem. "Na uvivu wangu wa kufagia."

Hakuna aliyetaja majani ya makaburini. Alingoja mtu aseme. Miaka yote aliyoogopa maneno ya watu, na maneno yenyewe hayakuja.

Siku ya nyadran ikafika. Kijiji kizima kilikwenda makaburini na mafagio na majembe. Wanawake walibeba vikapu vya wali wa kunata, ndizi za kuchemsha kwa tui na sukari ya mnazi, na vikate vya unga wa mchele. Waliomba dua, wakala pamoja kwenye majamvi. Baada ya kula, Yu Ratmi alichukua msumeno mdogo.

"Sasa twende tukaone."

Watu wachache walimfuata. Kati ya nyuzi za makumbi ilikuwa imetokeza mizizi, myeupe, minene kama tambi, mingine imeanza kuwa ya kahawia. Yu Ratmi alitabasamu. Akakata tawi chini ya makumbi, taratibu, Wigati akilishika juu. Akapunguza majani ya chini, akabakiza nusu.

"Ikae kwenye chungu kivulini wiki mbili," alisema, "kisha izoeshwe jua, ndipo ipandwe."

Lilikuwa tawi zuri ajabu. Manjano, nyekundu, ukingo mweusi, linajisokota mkononi mwa Wigati.

"Tuipeleke ofisi ya kijiji," alisema Pak Wagiman. "Pale mlangoni, kila mtu aione. Mzee alikitumikia kijiji."

"Si wazo baya," alisema mwingine.

"Au Yu Ratmi aichukue," alisema wa tatu. "Ndiye anayejua kuitunza."

Yu Ratmi alikuwa anafuta msumeno wake, polepole sana, kama msumeno una uchafu mwingi. Wigati alimtazama mama mkwe wake na kungoja.

Mbah Paikem alikuwa ameshika birika lake tupu. Aliangalia kaburi la mumewe. Aliangalia nyuso za majirani, wale aliowaogopa tangu akiwa mke kijana. Zilikuwa nyuso za watu walioshiba, zenye chembe za wali.

"Mbah?" Pak Wagiman aliuliza. "Tuipeleke ofisini?"

"Hapana," alisema Mbah Paikem.

Aliweka birika chini. Akanyoosha mikono yote miwili, akalichukua tawi kutoka kwa Wigati, akalikumbatia kifuani pamoja na udongo wake.

"Ni yangu mimi," alisema. "Niliitaka tangu siku ile aliyoileta kwenye jani la mgomba. Iwe mbele ya dirisha letu."